Waliomtaja Shangazi

Mimi ni mtu nisiyeweza kukaa. Mama alikuwa akisema nilizaliwa njiani na mpaka leo sijafika. Kwenye vikao nasimama karibu na dirisha, nikisahihisha mitihani nazunguka meza, na mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na mpole kupita kiasi, huniuliza kama nina siafu kwenye viatu. Kwa hiyo Mkuu wa Kitivo aliponipa kazi ya kukaa mbele ya kompyuta na kulinganisha hifadhidata za nukuu, nilijua kwamba mmoja wetu ana wazimu, ila sikuwa na uhakika ni nani.

Nieleze kwa asiye wa kazi yetu. Mhadhiri akiandika makala, lazima awataje wale ambao maarifa yao ameyategemea, na kila kutajwa huko ndiko tunakoita nukuu. Zipo hifadhidata zinazokusanya makala za dunia nzima na kuhesabu nani amemtaja nani, na siku hizi hesabu hiyo ndiyo inayoamua nani apande cheo na nani abaki alipo. Tatizo ni kwamba hazihesabu sawa. Sisi wa utafiti wa mawasiliano tulizipa majina ya utani. Moja ni ya kulipia, nayo huchagua majarida ya kuingiza kama bawabu mwenye kiburi, tukaiita Geti. Nyingine ni ya bure, humeza chochote kinachofanana na maandishi, tukaiita Soko. Kulikuwa na ya tatu, Kibaraza, si ndani si nje, lakini maktaba yetu iliacha kuichukua na hakuna aliyeililia.

Kamati ya vyeo ilitaka kuchagua moja ya kuhesabia. Na mezani kwa kamati hiyo kulikuwa na mafaili ya watu kadhaa, mmojawapo akiwa shangazi yangu.

Shangazi ni dada wa baba yangu. Baba alipofariki alinichukua, akanilea, akanisomesha, na miaka mingi baadaye akanifundisha somo la njia za utafiti katika kitivo hikihiki, akanipa C ambayo mpaka leo anasema ilikuwa ya huruma. Kwa sababu mimi nilimwita Shangazi ukumbini, wanafunzi wakaiga, kisha walimu, mwisho hata wafagizi. Alikuwa mhadhiri mwandamizi kwa muda mrefu kuliko baadhi ya majengo yetu. Faili lake la uprofesa lilikuwa limerudishwa mara mbili huko nyuma, na safari hii ilikuwa ya mwisho, maana kustaafu kulikuwa kunabisha hodi. Akikosa sasa, amekosa moja kwa moja.

Nilimkumbusha Mkuu kwamba yule ni damu yangu. Alinijibu kwamba undugu ni wangu, takwimu ni za kitivo, na hata hivyo wengine wote walikuwa wameikwepa kazi hiyo. Huyu Mkuu ni mtu wa kutaka kila kitu kwa ufupi. Ukimwambia umefiwa, atauliza kwa ufupi ni nani. Tulimwita Muhtasari, lakini si mbele yake.

Basi nikaanza. Nilikusanya makala za wenzangu wote wa kitivo, za redio, za magazeti, za uvumi, za matangazo ya afya, nikawa naitafuta kila moja Getini, kisha Sokoni, na kuandika nilichokiona. Nilipewa meza kwenye chumba cha kompyuta cha maktaba, na kila baada ya dakika chache nilikuwa nainuka kwenda kuangalia kama mvua imeanza. Haikuwa hata majira ya mvua. Mkutubi akaanza kunisogezea kiti mbali na mlango.

Tofauti ilionekana mapema. Getini kila kitu ni safi, majina yamenyooka, hakuna takataka. Ila Geti halioni vitabu sawasawa, tasnifu halizioni kabisa, na jarida lililoandikwa kwa Kiswahili huliacha nje kama mtu asiye na viatu. Soko nalo linaona vyote, na hapo ndipo balaa. Miongoni mwa maandishi yaliyomtaja Shangazi, Soko lilinionyesha kanuni za bweni la wasichana, ratiba ya kozi iliyokwisha zamani, tasnifu ileile mara tatu, na tangazo la muuza viti vya plastiki vya kusubiria wagonjwa.

Viti vile havikuja kwa bahati mbaya. Kazi kubwa ya Shangazi ilihusu foleni. Alikaa kwenye mabenchi ya zahanati mwaka mzima, mkoba mapajani, akisikiliza habari zinavyotoka kwa mtu hadi mtu. Wataalamu kabla yake walikuwa wakisema habari huharibika kadiri inavyosafiri. Yeye aligundua kwamba kwenye foleni ya watu watakaoonana tena kesho, habari husahihishwa. Kila anayeipokea anaipunguza chumvi kwa sababu anajua ataulizwa. Aliyekaa mwisho wa benchi mara nyingi alikuwa na habari iliyo sahihi kuliko aliyeileta. Aliyaandika hayo kwa Kiswahili, kwenye jarida la chuo chetu, ambalo karatasi zake hugeuka njano kabla hujamaliza kusoma.

Kwa hiyo Shangazi mwenyewe hayumo Getini. Lakini aliye nje ya Geti huonekana akitajwa na aliye ndani, na Shangazi alikuwa akionekana hivyo mara kumi na moja. Muhtasari alikwisha kudokeza kwamba kiwango cha kupata uprofesa kitakuwa nukuu kumi. Nilipoona ile kumi na moja nilipiga meza kwa furaha, mkutubi akanitolea jicho.

Shangazi alikuwa anajua. Alikwisha kuuchapisha ukurasa wa Geti wenye hesabu hiyo na kuuweka chini ya kioo cha meza yake ofisini, pale ambapo watu huweka picha za wajukuu. Mgeni akiingia, Shangazi alikuwa anasogeza kikombe kidogo ili ukurasa uonekane. Alisema hata Geti linamjua.

Sasa mizani haipimi upande mmoja. Nilikuwa nimefungua nukuu za Sokoni moja moja ili kutenga chuya na mchele, na haki ilitaka nifungue na za Getini. Nikafungua ya kwanza. Makala ilikuwa yangu. Nikafungua ya pili, yangu pia, nikacheka. Ya tatu ilikuwa yangu. Kufika ya sita nilikuwa nimesimama, na sikuwa nacheka tena. Zote kumi na moja zilikuwa zangu.

Si kwamba nilipanga. Mimi huandika kwenye majarida ya lugha za watu, yale ambayo Geti huyafungulia, na sijawahi kuandika makala nisimtaje Shangazi. Ilikuwa kama kupiga hodi. Nililelewa hivyo, ukila kwa mtu, mtaje. Geti lina akili ya kumtoa mwandishi anayejitaja mwenyewe, lakini halijui habari za wapwa na mashangazi. Kwa hiyo ile hifadhidata safi, isiyo na takataka, ilikuwa inaonyesha upendo wangu na kuuita sifa ya kisayansi. Na lile Soko chafu, ukishatoa viti na kanuni za bweni, lilikuwa na watu wa kweli ambao hawajawahi kumwona Shangazi kwa macho.

Nilizunguka siku nzima. Nikinyamaza, Shangazi anapita kwa nukuu moja ya ziada, anastaafu profesa. Nikisema, anaanguka, na mimi ndiye niliyemsukuma. Niliogopa, na nilikasirika pia, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza. Ningeweza kuandika taarifa yangu bila kifungu hicho na jua lingechomoza kama kawaida. Nyumbani nilipita kati ya jiko na sebule mpaka mume wangu akazima redio. Aliuliza ninachozunguka ni meza au maneno. Nilipomweleza, akasema maneno hayo si ya kamati kwanza, ni ya mwenyewe, na kama nangoja asubuhi basi nisimzungukie yeye.

Usiku uleule nilikwenda kwa Shangazi, nikamkuta anapiga pasi. Nikamwamkia, akaitikia, akaniambia nikae, nikabaki nimesimama, mkoba wa kompyuta begani. Nilimwambia yote kwa mkupuo, la kwanza hadi la mwisho, macho yangu yakiwa kwenye mkono wa blauzi aliokuwa anaunyoosha. Hakuacha. Alimaliza mkono, akaugeuza, akanyoosha upande wa pili, akaisimamisha pasi.

"Kwa hiyo aliyekuwa ananisoma kule ni wewe tu."

"Ndiyo, Shangazi."

Akachomoa pasi ukutani. Alionekana mdogo ghafla. Nilitaka kumshika, lakini Shangazi hashikwi shikwi, kwa hiyo nikashika kiti.

"Ulinitaja kwa sababu ya kazi yangu," akauliza, "au kwa sababu ya chakula nilichokulisha?"

Nikasema sijui. Na kweli sikujua. Nilikuwa nimeandika jina lake kwa miaka mingi bila kujiuliza swali hilo hata mara moja.

"Basi tujue. Fungua hiyo kompyuta."

Tukakaa mezani, au yeye alikaa na mimi nikainama juu ya bega lake. Akaanza na makala yangu ya zamani kuliko zote. Njia yake ilikuwa ya kidarasa kabisa. Anatafuta sentensi yenye jina lake, anaziba jina kwa kidole, kisha anaisoma sentensi kwa sauti bila jina. Ikiwa sentensi inaanguka, ina maana inamhitaji. Ikiwa inasimama vilevile, anaondoa kidole na kusema, hapa nilikuja kula tu. Makala ya kwanza, ya uvumi sokoni, ilianguka, akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Ya pili ilisimama. Ya tatu, ya vijana na simu, ilisimama imara kabisa, hata mimi nikaona aibu, maana foleni ya zahanati na simu za vijana zilikutana wapi? Katika makala moja nilikuwa nimemtaja kwenye sentensi inayosema mawasiliano ni muhimu. Hiyo aliisoma mara mbili.

"Hili nalo uliligundua kwangu?"

Tulicheka, sote wawili, na kicheko kilipoisha tulibaki tunatazama kioo cha kompyuta. Mwishoni zilibaki nne.

"Andika nne," akasema.

Nikamwambia kiwango ni kumi. Nikamwambia hakuna atakayefungua, hakuna anayefungua kamwe, Geti limewekwa ili watu wasifungue. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Nilisema pia kwamba anastahili, kwamba wasiostahili wamepita wengi, na hilo lilikuwa kweli.

"Mwanangu, najua kumi ni ngapi."

Kisha akaniomba nimwonyeshe Soko. Hakuwahi kulifungua, kwa sababu kitivoni tulikuwa tumezoea kulicheka. Nikamwonyesha waliobaki baada ya kupepeta. Alikuwamo muuguzi mmoja, asiyejulikana na yeyote, aliyeandika tasnifu kuhusu wagonjwa wanaofika kwa daktari wakiwa tayari na majibu. Alikuwamo mtangazaji aliyepanga kipindi chake cha asubuhi kwa kufuata mpangilio wa benchi. Shangazi alifungua tasnifu ya muuguzi akaanza kusoma, na hakuinuka tena. Blauzi ilipoa juu ya meza ya pasi. Mara anaguna, mara anabishana na kioo. Muuguzi alikuwa anasema habari husahihishwa kwenye foleni ya wanawake, lakini foleni ikichanganyika na wanaume, habari husimama pale ilipo kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana amekosea.

"Huyu ananipinga vizuri," akasema, mkono mdomoni. Sikumwona na uso ule hata siku nilipopata shahada.

Kamati ilikaa kwenye chumba kile chenye pazia lililochanika na waya wa umeme unaovuka sakafu, ambao kila mtu huujua na kila mtu huukwaa. Shangazi hakuwepo, kama ilivyo desturi kwa mwenye faili. Niliwaeleza tofauti za Geti na Soko. Kisha nikafika kwenye kifungu nilichokuwa nakiogopa, nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba mwombaji mmoja ana nukuu kumi na moja Getini, zote ni za mpwa wake, mpwa huyo ni mimi, na kwamba yeye mwenyewe amezikagua na kuziacha nne. Nikasema Geti lisihesabiwe bila kufunguliwa, na Soko lisitupwe bila kupepetwa. Na ukaguzi huo ufanywe kwa waombaji wote.

Mtaalamu wa matangazo, mtu ambaye wanafunzi wake wote humtaja kwenye kurasa za kwanza za kila wanachoandika, aliuliza polepole kama wanafunzi nao ni ndugu. Nikamjibu kwamba swali si ndugu au si ndugu, swali ni kama sentensi inaanguka. Mama mmoja anayeandika kila kitu pamoja na mumewe akaanza kutafuta kitu kwenye mkoba wake na hakukipata. Nilianza kuelewa nilichokifanya. Nilikuwa nimekuja kumwangusha mtu mmoja, kumbe nimeshika kamba inayopita kwenye viti vyote, maana kila aliyekaa pale naye ana cheo cha kuomba.

Muhtasari aliuliza, kwa ufupi, nani atazifungua hizo nukuu zote za watu wote.

"Mimi," nikasema.

Hilo ndilo lililowamaliza. Wakaniomba nitoke kidogo. Nilipima ukumbi kwa miguu, kutoka ngazi hadi choo, kutoka choo hadi ngazi, nikijua nimemzika Shangazi na sasa nasubiri tu jeneza litolewe. Walipofungua mlango walikuwa wanatabasamu. Muhtasari alinishukuru kwa taarifa ya kina, neno ambalo kwake ni tusi. Akasema kamati imeona njia yangu ni nzuri lakini inachosha, na inaweza kuleta mifarakano isiyo ya lazima. Kwa hiyo hesabu itafuatwa kama Geti linavyoionyesha, bila kufungua chochote, kwa kila mtu.

"Kwa kila mtu?" nikauliza.

"Kwa kila mtu," akasema. "Mpongeze Shangazi."

Walikuwa wamempa uprofesa ili wasifunguliwe wao.

Nilipofika ofisini kwake habari ilikuwa imetangulia, na njiani hakuna aliyeipunguza chumvi. Mlango ulikuwa wazi, watu wamejaa, wanampa mkono, wanamwita Profesa, hata wafagizi walioiga jina la Shangazi kwangu. Alimpokea kila mmoja vizuri, aliuliza habari za watoto, alicheka panapochekwa. Walipokwisha kutoka akafunga mlango. Ukurasa wa chini ya kioo ulikuwa umeondolewa, pamebaki alama ya mstatili palipokuwa na kivuli.

Nikamweleza kilichotokea chumbani, pamoja na mkoba wa yule mama na swali la mtaalamu wa matangazo. Nilidhani atacheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa kwenye kiti chake.

"Basi mimi ni profesa wa mtu mmoja," akasema.

Nikamwambia hapana. Nikamtajia muuguzi, nikamtajia mtangazaji, nikamtajia wote wa Soko niliowakumbuka.

"Wale hawakuulizwa."

Alisema atakipokea cheo, kwa sababu kukikataa kungekuwa tamthilia na yeye hana umri wa tamthilia, na kwa sababu wangesema mpwa wake ndiye aliyemharibia. Alisema pia amemwandikia muuguzi kumwuliza kuhusu zile foleni zilizochanganyika, na bado hajajibiwa. Kisha, kwa sauti yake ya darasani, akasema taarifa yangu ameisoma, sehemu ya njia za utafiti imekaa sawa, na angenipa B.

Nilikuwa nimeanza kwenda mlangoni aliponiita. Juu ya meza yake kulikuwa na makala yangu mpya, ile niliyompa kabla ya mambo yote haya ili aisahihishe lugha. Alikuwa ameifungua ukurasa wa pili na kuizungushia duara sentensi yenye jina lake kwa kalamu nyekundu.

"Hapa nimekuja kula tu," akasema. "Nitoe."

Nikamwambia nitamtoa nikifika nyumbani. Akatikisa kichwa, akanisogezea kiti, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikakaa. Nikafungua kompyuta yangu, nikaitafuta sentensi, nikaisoma bila jina lake. Ilisimama. Shangazi akaja akasimama nyuma yangu, na hakuondoka mpaka alipoona nimelifuta.